Mpangaji Katoweka: La Kufanya Kabla Hujagusa Kufuli
Kodi imepitiliza, simu haipatikani, mlango umefungwa wiki kadhaa. Kama msimamizi wa nyumba za kupangisha, nakusihi: usivunje kufuli. Nyumba ni yako, lakini hadi upangaji ukome kisheria, haki ya kukaa humo ni ya mpangaji. Huenda amelazwa hospitalini au yuko mahabusu. Akirudi akakuta kitasa kipya, anaweza kukushtaki, na deni lake halitakukinga.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi. Kodi kuchelewa hakutoshi. Wapo wanaodaiwa na bado wanalala humo. Piga picha mita za umeme na maji, kisha rudi baada ya siku kadhaa ulinganishe namba. Waulize majirani kama waliona vyombo vikipakiwa. Mpigie mdhamini aliyeandikwa kwenye mkataba.

Hatua ya 2: Toa notisi ya maandishi. Ipeleke kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba, na nakala ibandike mlangoni. Taja deni, uliza kama amehama, weka tarehe ya mwisho ya kujibu. Siku za notisi zisome kwenye sheria ya mahali ulipo, usizikisie. Akijibu kwamba kahama, mwombe athibitishe kwa maandishi na arudishe funguo. Hakuna njia fupi kuliko hiyo.

Hatua ya 3: Kagua ndani, ukiwa umetoa taarifa ya ukaguzi kama sheria inavyotaka na una shahidi. Bomba likipasuka unaweza kuingia mara moja, ila kwa dharura hiyo tu. Friji iliyochomolewa na kuachwa wazi, kabati tupu, kitanda bila godoro: huyo kahama. Lakini ukikuta vyeti, dawa za kila siku au sare za shule za watoto, simama hapohapo. Hivyo mtu haviachi kirahisi.

Hatua ya 4: Mashaka yakibaki, omba amri ya mahakama au baraza linaloshughulikia migogoro ya nyumba. Inachukua muda, najua, na inauma nyumba ikikaa bila kodi. Bado ni nafuu kuliko kulipa fidia.

Hatua ya 5: Vitu alivyoacha usiviuze kufidia kodi kienyeji. Viorodheshe mbele ya shahidi, vipige picha, vihifadhi, mjulishe mahali vilipo. Kuviuza kuna utaratibu wake wa kisheria.

Ukishaipata nyumba kihalali, kata kwenye amana deni na uharibifu unaoweza kuuthibitisha. Salio ni lake. Kisha tafuta mpangaji mwingine mapema, kwa sababu nchi nyingi hazikuruhusu uiache tupu makusudi huku ukimdai aliyeondoka kodi hadi mwisho wa mkataba.