Namna ya Kurudi Kwenye Ajira Baada ya Miaka Mingi Nyumbani: Mwongozo kwa Wakazi wa Moshi na Arusha

Mwongozo huu ni wa mtu aliyewahi kuajiriwa, akaacha kazi kwa sababu ya malezi, ugonjwa wa mzazi au uhamisho wa mwenzi wake, na sasa, baada ya miaka mitano au hata kumi na mitano, anataka tena kazi ya mshahara. Kwa muda mrefu nimekuwa afisa utumishi anayesaili watu mjini Moshi na Arusha, lakini kabla ya hapo nilikaa nyumbani Kibosho miaka minane, kwa hiyo meza ya usaili naijua pande zote mbili.

Hatua ya kwanza: linganisha majina kwenye nyaraka

Kabla hujaandika barua yoyote, tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na chuo, kitambulisho cha taifa cha NIDA na kadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha usome majina herufi kwa herufi. Wanawake wengi ninaowasaili wana jina la baba kwenye cheti cha kidato cha nne na jina la mume kwenye kitambulisho cha taifa. Tofauti hiyo huweza kukwamisha maombi ya kazi serikalini, na kwa mwajiri binafsi huibuka siku ya kusaini mkataba, wakati umekwisha waaga majirani. Muone wakili akueleze kama hati ya kiapo inatosha au unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, maana hizo ni nyaraka mbili tofauti.

Hatua ya pili: angalia umri na msimu

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida humtaka mwombaji asiyezidi miaka 45, isipokuwa yule ambaye tayari ni mtumishi wa umma. Mwenye miaka 43 aanze na mlango huo, kwa kuwa ndio utakaofungwa kwanza. Sekta binafsi ina misimu yake. Hoteli na kampuni za utalii za Arusha hufurika wageni kuanzia Juni hadi Oktoba, ilhali wakati wa masika baadhi ya kambi hufungwa kabisa. Barua inayofika Aprili humkuta meneja akipanga wafanyakazi wa msimu, na inayofika Julai humkuta hana muda hata wa kuifungua. Shule binafsi hutafuta watu mwishoni mwa mwaka, kabla ya muhula wa Januari.

Hatua ya tatu: lieleze pengo kwenye wasifu

Hapa ndipo wengi huharibu, nami niliharibu. Wasifu wangu wa kwanza baada ya miaka ile minane uliijaza yote kwa neno moja, “mjasiriamali”. Mwenyekiti wa jopo aliniuliza kwa upole kabisa biashara ilikuwa ya nini, TIN, yaani namba ya mlipakodi, niliichukua lini na mauzo ya mwaka yalikuwa kiasi gani. Ukweli ni kwamba niliwauzia majirani maziwa ya ng’ombe mmoja. Nilinyamaza, na usaili ukaishia pale.

Andika kilichokuwapo, kwa miaka na kwa kazi. Mathalani, mtu anaweza kuandika hivi:

“2015–2023: Malezi ya watoto watatu na uuguzi wa mama mzazi, Kibosho. Katika kipindi hicho, mweka hazina wa kikundi cha VICOBA chenye wanachama 28: kutunza daftari la hisa na la mikopo, na kusoma hesabu mbele ya wanachama kila wiki.”

Mweka hazina anayefungua sanduku la kufuli tatu mbele ya watu wote, akamwita kila mwanachama, akahesabu fedha kwa sauti na kuzilinganisha na salio la wiki iliyopita, ameifanya kazi ninayoitafuta kwa karani wa fedha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivyo vya kuweka na kukopa katika daraja la nne. Ikiwa chenu kimesajiliwa, taja hivyo, na umwombe mwenyekiti awe mmoja wa wadhamini wako.

Hatua ya nne: jua kilichobadilika

Mhasibu aliyeondoka kazini mwaka 2009 hakuwahi kutoa risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, kwani mashine hizo zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Kozi fupi zinapatikana katika Chuo cha Uhasibu Arusha, Njiro, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ila kwa maoni yangu wiki mbili za kukaa kando ya rafiki aliye kazini, ukimtazama anavyofunga hesabu za mwezi, mara nyingi hufaa kuliko cheti kingine.

Hatua ya tano: jiandae kwa swali lenyewe

Utaulizwa, “Mama, miaka yote hii ulikuwa wapi?” Jibu kwa sentensi mbili bila kuomba radhi, kisha urudi kwenye kazi unayoiomba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ndoa au majukumu ya kifamilia, na inamlinda pia mwombaji wa kazi. Hata hivyo swali la nani atabaki na watoto bado linaulizwa, hasa kwa wanawake, kwa hiyo uwe nalo jibu fupi.

Hatua ya sita: ukishaajiriwa, fuatilia michango

Mpe mwajiri namba yako ileile ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, usikubali kusajiliwa upya. Pensheni ya uzeeni inahitaji michango ya miezi 180, na kama hukuyachukua mafao yako ulipoacha kazi, miezi ya zamani bado inahesabika: aliyechangia miaka saba ana miezi 84, na amebakiza 96, yaani miaka minane. Baada ya mshahara wa pili, omba taarifa ya michango uone kama mwezi wa kwanza umeingia.