SOMO: Kujenga koneksheni ya kazi mtandaoni ukiwa huna mtu wa kukushika mkono

Wakuu, salaam.

Kila yakianza mazungumzo ya ajira lazima atokee mtu aseme kazi ni koneksheni. Sibishi. Ninachokataa ni ile imani kwamba koneksheni mtu huzaliwa nayo, na asiye na mjomba mkubwa basi abaki kutuma CV na kusubiri.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti wake kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Aliwauliza: huyo aliyekupasha habari, wakati ule mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliokuwa wakionana angalau mara mbili kwa wiki walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana mara chache, na asilimia 27.8 walionana mara moja kwa mwaka au pungufu. Ukitafakari utaona sababu: rafiki yako wa kila siku anajua yaleyale unayoyajua wewe. Habari mpya iko kwa mtu wa mbali kidogo. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti uliohusisha zaidi ya watu milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ukaonyesha kwamba wanaosaidia zaidi mtu kuhamia kazi mpya ni wale wa kati na kati, yaani si wandani wako na si wageni kabisa.

Hao wa kati na kati kila mmoja wetu anao. Somo hili ni la namna ya kuwafikia.

Hatua ya 1: Jitafute mwenyewe

Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, andika jina lako ndani ya alama za kunukuu, uone kinachotokea. Afisa ajira atafanya hivyohivyo. Akaunti uliyoitelekeza ifunge, picha usiyoitaka iondoe. Jina liandike kwa tahajia moja kila mahali, kwenye CV, barua pepe na LinkedIn. Kama cheti kina majina matatu na mtandaoni unatumia jina la utani, atakayekutafuta hatakupata.

Hatua ya 2: Mstari wa chini ya jina

Hapa ndipo wengi tunapopotezea. Kwenye LinkedIn, chini ya jina kuna mstari mmoja unaoonekana kila unapotokea: kwenye matokeo ya utafutaji, kwenye maoni, kwenye ombi la kuunganishwa. Watu wanaandika "Natafuta kazi yoyote" au "Mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma." Hakuna mwajiri anayetafuta kwa neno "mchapakazi." Anaandika jina la kazi na ujuzi anaoutaka.

Fanya hivi. Chukua matangazo matano ya kazi unayoiweza, yasome ukiwa na kalamu, uorodheshe maneno yanayojirudia. Yaliyo ya kweli kwako yaweke kwenye mstari ule. Mfano wa mtu wa hesabu:

*Mhasibu msaidizi | hesabu za stoo, malipo ya wasambazaji, mishahara | Excel*

Nimesema yaliyo ya kweli. Neno usilolijua litakuumbua kwenye usaili.

Hatua ya 3: Majina kabla ya matangazo

Usikimbilie kufungua tovuti za ajira. Kaa chini uandike majina hamsini: uliosoma nao, aliyekusimamia mafunzo kwa vitendo, wateja wa zamani, msambazaji uliyekuwa ukipokea mzigo wake, uliojitolea nao mahali. Ukifika jina la ishirini utahisi wameisha. Fungua picha za mahafali na orodha ya namba za simu, wengine watajitokeza.

Waweke kwenye jedwali, Google Sheets inatosha. Safu zangu ni hizi: jina, anafanya kazi wapi, mara ya mwisho kuwasiliana, nilimwuliza nini, alijibu nini, tarehe ya kumrudia. Hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba kazi yote. Bila tarehe, mtu aliyekuambia "nitafute mwezi ujao" anapotea, na yeye hatakukumbusha.

Hatua ya 4: Ujumbe wa kwanza usiombe kazi

Nilipokuwa natafuta, niliandika ujumbe mmoja nikautuma kwa watu arobaini: "Habari, naomba unisaidie kupata kazi hapo kwenu, niko tayari kufanya chochote." Ulipita mwezi mzima bila jibu la maana. Iliniuma, nikadhani watu wana roho mbaya. Baadaye nikaelewa kwamba niliwapa mzigo wasioweza kuubeba. Mtu wa kawaida ofisini hana kazi ya kugawa, kwa hiyo ananyamaza kwa aibu.

Mpe swali analoweza kulijibu kwa dakika mbili. Hivi:

*"Habari za siku, dada. Ni mimi uliyekuwa naye zamu ya stoo kipindi cha mafunzo, ile ya kuhesabu mzigo usiku. Nimeona sasa uko idara ya manunuzi, hongera sana. Nataka kuingia upande huo. Hapo kwenu wanatumia mfumo gani wa kufuatilia oda? Nataka nijifunze kabla sijaanza kuomba."*

Ujumbe huo unamkumbusha wewe ni nani, unaonyesha umefuatilia maisha yake, una swali moja, na unamweleza unakoelekea bila kumbana. Akijibu, mshukuru, fanya alichokuambia, kisha urudi kumweleza ulipofikia. Hapo ndipo utasikia "kuna nafasi inakuja, nitumie CV." Mimi kazi niliyonayo niliipata kwa mtu ambaye hatukuwa tumeongea kwa miaka minne, na alichonipa ni habari tu: kwamba mtu wa idara fulani anaondoka.

Hatua ya 5: Chimba matangazo

Kwenye Google, weka cheo ndani ya alama za kunukuu, kisha neno site: likifuatiwa na anwani ya tovuti ya kampuni bila nafasi katikati. Utaletewa kurasa za tovuti hiyo pekee. Alama ya kutoa iliyobandikwa mbele ya neno huliondoa neno hilo kwenye matokeo. Ukipata utafutaji unaozaa, uweke kwenye Google Alerts, habari mpya zikufuate kwa barua pepe. LinkedIn nayo ina kichujio cha nafasi zilizowekwa ndani ya saa 24. Na ukikuta tangazo kwenye tovuti ya kukusanya ajira, nenda kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe ukahakikishe lipo.

Hatua ya 6: Kutuma

CV iwe PDF isipokuwa tangazo limetaka vingine. Jina la faili liwe jina lako na cheo unachoomba, si "CV mpya ya mwisho 3." Kampuni nyingi hupokea maombi kwa programu inayosoma maandishi, kwa hiyo epuka kuweka taarifa muhimu ndani ya picha au michoro.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi niko kazini na sitaki bosi ajue. Nifanyeje?

Jibu: LinkedIn inakuruhusu kuonyesha kwa maafisa ajira pekee kwamba uko tayari kwa kazi. Mtandao huo hujaribu kukuficha usionekane kwa maafisa ajira wa kampuni yako, lakini wenyewe wanasema hawawezi kukuhakikishia usiri kamili. Kama kujulikana kutakuponza, usiiwashe kabisa, tumia hatua ya 3 na ya 4 kimyakimya. Na usitumie barua pepe wala kompyuta ya ofisi.

Swali: Nimemaliza chuo juzi, uzoefu sina. Nijaze nini?

Jibu: Jaza ulichokifanya kwa mikono yako, mdogo wangu. Ulitengeneza jedwali la michango ya darasa? Eleza lilihusu watu wangapi na lilitatua nini. Mradi wa mwisho wa chuo uweke kama kazi, siyo kama somo. Na wahadhiri wako wako kwenye yale majina hamsini.

Swali: Nimepokea ujumbe WhatsApp kwamba nimechaguliwa, wanataka hela ya usajili nianze Jumatatu. Sikumbuki kuomba.

Jibu: Usitume hata senti, wala picha ya kitambulisho. Kazi hailipiwi ili uipate. Hata wanaokupa kazi ya "kupenda video," wakakulipa kidogo mwanzoni kisha wakataka uweke hela ili ufungue kiwango cha juu, ni walewale. Tazama pia anwani ya barua pepe herufi kwa herufi, maana matapeli huongeza kistari au neno moja kwenye jina la kampuni ya kweli. Kisha ipigie kampuni kwa namba iliyo kwenye tovuti yake, siyo uliyotumiwa.

Swali: Kuandikiwa barua ya maombi na ChatGPT ni kosa?

Jibu: Kukusahihishia lugha, sawa. Lakini ikisema "niliongoza timu" na hukuongoza, hiyo sentensi utaulizwa wewe. Pia usibandike humo siri za ofisi unayofanyia kazi sasa.

Swali: Nimewaandikia watu tisa, kimya. Ujumbe wangu ni huu: "Shikamoo kaka, samahani sana kwa usumbufu, najua uko bize, mimi ni fundi umeme, naomba kama kuna lolote unikumbuke."

Jibu: Shikamoo ibaki, ni mkubwa wako. Samahani ondoa, hujamkosea. "Lolote" ondoa, weka kazi yenyewe. Umemjulia wapi huyu?

Swali: Alikuwa msimamizi tulipofunga nyaya jengo moja la ghorofa, miaka miwili nyuma. Sasa naona yuko na kampuni ya sola.

Jibu: Basi mwandikie: "Shikamoo kaka. Mimi ni yule fundi uliyekuwa naye kwenye lile jengo la ghorofa, timu ya kufunga nyaya. Nimeona uko kwenye sola siku hizi. Nyaya za nyumba nazimudu, sola bado. Kwa fundi kama mimi, ungenishauri nianze kujifunza nini?" Tuma huo. Akikaa kimya wiki nzima, mkumbushe mara moja, kisha nenda kwa jina linalofuata.

Swali: Nimetuma. Kajibu, anauliza kama nina cheti.

Jibu: Mtumie picha safi ya cheti sasa hivi, isome vizuri kabla hujatuma, na kwenye jedwali andika tarehe ya leo.