Mtoto mdogo na bwawa la hoteli

Wazazi wengi Mwanza hukwepa kichocho cha ziwani kwa kuwapeleka watoto kwenye mabwawa ya hoteli Jumapili. Sawa, ila klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bwawa, haiui kila kitu papo hapo. Kijidudu cha kuharisha kiitwacho kriptosporidiamu huweza kuishi zaidi ya siku 7 kwenye maji yenye klorini ya kawaida. Kwa hiyo mtoto aliyeharisha asiingie majini hata kama leo anacheza vizuri. Kama ni kriptosporidiamu, asubiri wiki 2 baada ya kupona.

Pampasi ya kawaida hunyonya maji, huvimba na kuvuja. Ile ya kuogelea huzuia choo kigumu kwa muda tu. Cha majimaji hupita pembeni mwa mapaja. Ichungulie kila nusu saa hadi saa 1, ukaibadilishe chooni, si ukingoni mwa bwawa. Akijisaidia majini, mwambie mhudumu, hata kwa aibu: watu watoke wote.

Harufu kali ya klorini mara nyingi ni mkojo na jasho vimechanganyika nayo.

Boya la kuvaa mkononi huchomoka. Kaa majini, mkono wako umfikie mtoto. Simu iache mezani.