Somo: Mpeasi unaostahimili magonjwa, kuanzia mche hadi tunda

Mpeasi wangu wa kwanza niliuua kwa mapenzi. Samadi kila mara, maji tele, nao ukajibu kwa machipukizi marefu na laini ya kupendeza. Ukachanua, mvua ikanyesha, na muda si mrefu ncha za matawi zikawa nyeusi kana kwamba zimepitiwa na moto, zimejikunja kama kichwa cha bakora. Huo ndio ugonjwa wa kuungua, kazi ya bakteria Erwinia amylovora. Huingilia kwenye maua siku za joto na unyevu, akibebwa na nyuki na matone ya mvua, na akishazama ndani ya mti hakuna dawa ya kumtoa. Kwa hiyo tunaanzia kwenye mche.

1. Aina. Bartlett (ndiyo hiyo hiyo Williams) na Bosc ni tamu sana, lakini huugua upesi. Tafuta Moonglow, Magness, Harrow Sweet, Potomac au Kieffer. Kieffer ni ngumu na ina chengachenga mdomoni, ila huhitaji baridi kidogo kuliko wenzake ili kuchanua. Muulize muuza miche shina la chini, yaani lile lenye mizizi ambalo aina yako imebebeshwa juu yake, ni lipi: OHxF 87 na OHxF 97 zinastahimili ugonjwa huu, ilhali kwinsi (mti wa jamii moja na mpeasi) hufupisha mti lakini huugua.

2. Mwenzi. Panda aina mbili zinazochanua wakati mmoja, mita 5 hadi 6 kati ya mti na mti. Magness haina chavua yenye uwezo wa kurutubisha maua ya mwenzake, kwa hiyo ukiipanda utahitaji aina nyingine mbili.

3. Shimo. Kina kilingane na mizizi, upana uwe mara mbili yake. Palipobebeshwa (kile kiungo cha aina na shina la chini) pabaki juu ya udongo, sentimita 5 hadi 10. Jua kutwa nzima, maji yasituame. Weka matandazo, ila yasiguse shina.

4. Matawi. Mpeasi hupenda kwenda juu tu kama mlingoti. Matawi yakiwa bado machanga, yatanue kwa kijiti au kamba hadi yalale nusu: yatazaa mapema, na upepo utakausha unyevu wa majani.

5. Mbolea. Hapa ndipo nilipokosea. Chipukizi laini ndiyo mlango wa ugonjwa. Mti uliokwisha kuanza kuzaa ukirefuka zaidi ya sentimita 45 kwa mwaka, usiupe kitu.

6. Ukaguzi. Kuanzia maua yanapofunguka, upitie mara kwa mara. Ukiona tawi limeungua, kata sentimita 20 hadi 30 chini ya palipoharibika, siku kavu, na ufute mkasi kwa spiriti ya asilimia 70 kila unapokata. Choma ulichokata. Ng'oa pia maotea ya chini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimepanda Moonglow na bado tawi moja limeungua. Nimeuziwa mche wa uongo?*
Si lazima, ndugu yangu. Kustahimili si kutougua. Kwa mti wa namna hiyo ugonjwa mara nyingi hukwama kwenye tawi moja badala ya kushuka hadi shinani. Kata kama nilivyoeleza, uache kuunyunyizia maji majani.

*Nipande mbegu ya peasi niliyokula?*
Utaota mti, dada, ila hautafanana na mama yake, na unaweza kungoja miaka mingi kuona tunda. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa kati ya mwaka wa 3 na wa 6. Huo wa mbegu utumie kama shina la kubebeshea.

*Peasi zangu zikiiva mtini zinakuwa tope katikati. Ni ugonjwa?*
Hapana, umechelewa kuvuna. Peasi za aina hizi huiva kutoka ndani, kwa hiyo nje pakilainika ndani pameshaoza. Lichume tunda likiwa bado gumu: liinue lilale mlalo, likikatika lenyewe kwenye kikonyo, liko tayari. Livundike ndani ya nyumba, kisha ubonyeze karibu na kikonyo. Pakibonyea kidogo, kula siku hiyo hiyo.

*Na mkwinsi wangu wa zamani ulio jirani na mipeasi, niukate?*
Nao huugua ugonjwa huo huo, sawa na mtufaha. Kama ni mzima, ukague pamoja na mipeasi. Kama una majani meusi yaliyong'ang'ania matawini, ng'oa kabla ya msimu wa maua.