Kutengeneza ndege ya abiria isiyowahi kuruka kwa kuunganisha seti mbili za modeli

Wengi wanaojaribu kuchanganya seti za modeli, yaani maboksi ya vipande vya plastiki vya kuunda ndege ndogo, huanza na msumeno. Pua ya hii, mkia wa ile, injini mbili za ziada, basi. Kinachotoka ni ndege ambayo mtu akiiona anacheka, hata kama viungio vyake ni safi. Mimi huanza na swali: ndege hii ingetengenezwa mwaka gani, na kwa ajili gani? Jibu lake ndilo linaloniambia nikate wapi.

Mfano wa mwongozo huu nimeutoa kwenye historia. Mwaka 1978 Boeing ilikuwa na ndege tatu mpya kwenye karatasi: 757, 767 na 777. Hiyo 777 si hii tunayoijua. Ilikuwa ya injini tatu, ya kushindana na DC-10 na Lockheed TriStar, ambazo nazo zilikuwa za injini tatu. Haikujengwa, na jina lake likaja kupewa ndege ya injini mbili iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Injini ya tatu ilikuwa na maana wakati ule, kwa sababu kanuni za Marekani ziliitaka ndege ya injini mbili isiende mbali zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja cha kutua kwa dharura, ilhali zile za injini tatu zilikwisha kuondolewa kifungo hicho tangu 1964. Mwaka 1985 767 iliporuhusiwa kwenda hadi dakika 120, hoja ya injini ya tatu ikaanza kufa.

Kwa hiyo tunajenga 767 ya injini tatu, kana kwamba imeanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sidai kwamba ndivyo michoro ya Boeing ilivyokuwa. Ni ya kubuni, ila ina sababu ya kuwepo.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua

Utahitaji seti ya 767-300 na seti ya TriStar, zote za skeli ya 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko ndege halisi. Zvezda wanatengeneza 767-300, na Airfix walitoa TriStar zamani. Usiamini skeli iliyoandikwa kwenye boksi la seti ya zamani bila kuweka rula juu ya plastiki.

Bodi (kiwiliwili) ya 767 halisi, ukiitazama kwa mbele, si duara kamili. Ina upana wa mita 5.03 na kimo cha mita 5.41, yai lililosimama. Kwa 1/144 hiyo ni karibu milimita 35 kwa 37.5. TriStar ni duara la karibu mita 6, yaani milimita 41 na ushee. Hazilingani, na hapo ndipo kazi ilipo.

Kama hii ni mara yako ya kwanza, anza na ndugu wa tumbo moja. Boeing 707, 727, 737 na 757 zote zina upana uleule wa mita 3.76, kwa hiyo mkia wa 727 unakaa kwenye bodi ya 757 karibu bila ugomvi. Tena una historia: michoro ya mwanzo ya 757 ilikuwa na mkia wa herufi T kama wa 727. Kwa Airbus, A300, A310, A330 na A340 zina kipenyo kimoja cha mita 5.64. Ukishafanya moja ya hizo, rudi hapa.

Kwa nini nisichukue mkia wa 727 kwa 767 pia? Kwa sababu ya tundu. Injini ya 727 ni nyembamba, na kiingilio chake cha hewa mgongoni mwa 767 kingeonekana kama pua ya mtoto kwenye uso wa mzee. Injini ya TriStar, RB211, ina feni ya zaidi ya mita 2, na hiyo ndiyo saizi inayofaa ndege pana. Mkia wa DC-10 nao ungewezekana, ila injini yake imepita katikati ya pezi, lile bawa lililosimama mkiani, kama bomba, na mimi sijawahi kuupenda.

Hatua ya 2: Vipande vya karatasi

Hii ndiyo hatua ninayoitumia muda mwingi kuliko zote, na haihitaji hata gundi.

Gundisha nusu mbili za bodi ya 767, kisha za TriStar, uziache usiku mzima. Usibandike mabawa. Kata vipande vyembamba vya karatasi, upana milimita 3. Anzia pale bodi ya 767 inapoanza kupungua kuelekea mkiani, zungusha kipande cha karatasi, weka alama ya penseli pale ncha inapokutana na mwanzo wake. Sogea milimita 5 nyuma, rudia. Fanya hivyo mpaka mkiani, kila kipande ukikipa namba. Halafu nenda kwenye TriStar ufanye vilevile.

Sasa vitandaze vipande vyote mezani, vya 767 upande mmoja, vya TriStar upande wa pili. Mzunguko wa 767 pale iliponenepa ni kama milimita 114, wa TriStar karibu 130. Unatafuta mahali pawili panapotimiza masharti mawili kwa pamoja: mizunguko ilingane, na kasi ya kupungua ilingane. Kama kipande cha 767 ni 105 na kinachofuata ni 102, tafuta kwenye TriStar palipo na 105 ikifuatiwa na 102 au 101. Wengi hulinganisha unene peke yake, na hiyo ndiyo sababu ndege zao zina kiuno kama nyigu.

Kikwazo ni nundu. Kiingilio cha hewa cha TriStar kimekaa juu ya mgongo mbele ya pezi, na mara nyingi unene unaoutaka huangukia chini yake. Basi pima bodi bila nundu: kipande cha karatasi kianzie upande mmoja wa nundu kiishie upande wa pili, halafu ongeza kwa kukadiria upana wa mgongo uliofunikwa. Wakati wa kukata, nundu usiiguse. Iache itokeze mbele kama ulimi, ije ilale juu ya mgongo wa 767.

Hatua ya 3: Sogeza bawa bila kuligusa

Injini mkiani ni uzito mkiani. Ndege halisi ya namna hii huwa na mabawa yaliyorudi nyuma, na pua ndefu mbele yake. Ukiweka tu injini ya tatu kwenye 767 bila kubadili kingine, jicho la mtu anayezijua ndege litakataa, hata kama hawezi kusema kwa nini.

Lakini kung'oa bawa na kulihamisha ni balaa. Njia rahisi imejificha ndani ya 767-300 yenyewe. Ndege hiyo ni 767-200 iliyorefushwa kwa vipande viwili: mita 3.07 mbele ya bawa, na mita 3.35 nyuma yake. Ukiondoa kile cha nyuma tu, pua inabaki ndefu na nyuma panafupika. Kwa skeli yetu, mita 3.35 ni milimita 23.

Kwa hiyo kuna mikato mitatu kwenye 767: miwili nyuma ya bawa, mahali ambapo bodi bado ni nene sawasawa, ili kutoa pete ya milimita 23, na mmoja kule ulikochagua kwa vipande vya karatasi. Kata katikati ya madirisha mawili, kamwe usikate juu ya dirisha.

Hatua ya 4: Kukata

Zungusha tepu ngumu kwenye bodi mpaka ncha ikutane na mwanzo wake bila kupishana. Ikipishana hata nusu milimita, mstari wako umepinda. Ifungue, anza upya.

Tumia msumeno mwembamba wa modeli, na usikate moja kwa moja kutoka juu hadi chini kama mtu anayekata mkate. Chora kwanza mfereji mwembamba kuizunguka bodi yote ukiongozwa na ukingo wa tepu, kisha rudia mzunguko, kidogo kidogo, ukiigeuza bodi mkononi. Plastiki itaachia yenyewe. Kwenye TriStar, kata tumbo na mbavu kwa msumeno, halafu ulimi wa nundu uutenganishe kwa kisu chenye wembe mpya. Vaa barakoa, vumbi la plastiki si la kuvuta.

Mdomo ukiwa wazi, weka uzito wa pua sasa hivi. Mimi hutumia chubwi za kuvulia samaki, zilizozamishwa kwenye gundi ya epoksi nyuma ya chumba cha rubani. Shikiza mkia na mabawa kwa tepu, egemeza ndege juu ya vidole viwili pale magurudumu makubwa yatakapokaa, ongeza chubwi mpaka pua ianguke yenyewe. Kisha ongeza moja zaidi, maana pati (ya kuzibia viungio) na rangi vitaongeza uzito nyuma.

Hatua ya 5: Kuunga

Usiunge mdomo kwa mdomo. Kata vipande vya plastiki bapa, upana milimita 15, uvibandike kwa ndani kuzunguka ukingo wa upande mmoja, nusu ndani nusu nje, viwe kola. Upande wa pili unaingia juu ya kola hiyo. Kiungio cha namna hii hakipasuki hata ndege ikianguka mezani, na yangu imeshaanguka.

Unga kwanza pale ulipotoa pete, halafu mkia. Kwa mkia, bandika mabawa makubwa kabla, kwa sababu ndiyo yatakayokuambia pezi limesimama au limelala. Modeli yangu ya kwanza ya aina hii niliiunga kwa jicho. Ilionekana sawa kabisa mpaka nilipopuliza rangi nyeupe na kuitazama kwa nyuma: pezi lilikuwa limeinama kushoto kama mtu anayesikiliza umbea. Siku hizi naweka pimamaji ndogo juu ya kipande cha mbao kilichopita kwenye mabawa yote mawili, kisha naning'iniza timazi ya uzi mbele ya pezi. Nikisharidhika, natonesha gundi nyembamba ya plastiki sehemu nne tu, naangalia tena, ndipo nazungusha gundi yote.

Hatua ya 6: Injini

Ndege moja, injini za aina moja. Kwa kuwa mkiani kuna RB211, chini ya mabawa nako weka RB211 kutoka kwenye seti ya TriStar. Injini za 767 ziweke kando, usizitupe. Mikono ya injini, ile inayoishika injini chini ya bawa, ndiyo inayosumbua: tumia mikono ya 767, kwa kuwa imechongwa kwa ajili ya bawa hilo, halafu ichonge upande wa chini ipokee ganda la RB211. Ukifanya kinyume utachonga bawa, na bawa halina nyama ya kuchonga.

Hatua ya 7: Pati, msasa, pati

Hapa sina siri. Hata mizunguko ikilingana, 767 ni yai na TriStar ni duara, kwa hiyo mbavuni kutakuwa na ngazi ndogo, na juu na chini itageuka upande wa pili. Jaza kwa pati ya epoksi ya sehemu mbili, si ile ya tyubu, kwa sababu ya tyubu husinyaa ikikauka na mshono hurudi baada ya mwezi. Itandaze ndefu, sentimita 3 kila upande wa kiungio, upige msasa uliofungwa kwenye mpira laini. Fumba macho upitishe kidole. Kidole huhisi bonde ambalo jicho halilioni. Kisha praima ya kijivu, na aibu zote zitajitokeza, rudia. Mimi hufanya mara nne.

Mdomo wa ulimi wa nundu unapokutana na mgongo wa 767, uache na mkunjo laini kama ulivyokuwa kwenye TriStar. Ukiuzika wote kwenye pati, kiingilio kitaonekana kimezama.

Hatua ya 8: Madirisha na rangi

Madirisha ya plastiki yazibe yote, utumie stika za maji, zile zinazolowekwa kabla ya kubandikwa. Baada ya kukata, mistari ya madirisha haitafuatana tena, na milango itabidi uipange upya. Kama seti yako ina vipande vya ncha za mabawa zilizopinda juu, viache boksini, ndege ya mwanzo wa miaka ya 1980 hazimhusu. Kwa rangi, epuka fedha inayong'aa, inaonyesha kila mkwaruzo. Mstari mrefu wa rangi nzito unaopita kwenye madirisha kutoka puani hadi mkiani ni wa zama hizo, na unalivuta jicho lipite juu ya viungio bila kusimama.

Kwenye boksi sasa umebakiwa na bodi ya TriStar isiyo na mkia, mabawa yake, mkia wa 767 na injini mbili kubwa za 767. Usiviweke stoo. Lockheed nao waliwahi kufikiria TriStar ya injini mbili, wakaiita BiStar, na haikujengwa. Injini zake mbili zingehitaji nguvu zaidi ya RB211 za kwanza, na hizo za 767 zinatosha. Chukua vipande vya karatasi vilevile ulivyopima, vipo tayari na namba zake, uvipange kwa kinyume.