Usimpeleke mteja baharini kabla hujamuuliza

Nilipoanza kazi ya ushauri nasaha hapa Tanga nilikuwa na karatasi moja ya mafunzoni, ya kumtuliza mteja kwa kumwongoza awaze yuko mahali penye utulivu: "Fumba macho. Uko ufukweni. Mawimbi yanakuja taratibu..." Nikamsomea mama mmoja wa Ngamiani, muuza vitumbua, ambaye usiku alikuwa halali. Nilipofika kwenye mawimbi mikono ikaanza kumtetemeka. Kaka yake alizama, na maiti haikuonekana. Bahari ninayoitazama mimi jioni pale Raskazone, kashata mkononi, kwake ni kaburi. Karatasi ile sikuitumia tena. (Mwenyewe kaniruhusu nisimulie, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha.)

Kwa hiyo, mwenzangu, kabla ya yote ondoa hofu. Hapa kwetu ukimwambia mtu afumbe macho akuelekeze alipo, atakuuliza kama yule mama: "Mwanangu, hii si kupunga pepo?" Usicheke. Mweleze kwamba hakuna kitu kitakachompanda kichwani, atasikia kila neno, na akiinua kiganja mnaacha hapo hapo. Macho si lazima yafumbwe. Wengi wanapendelea kutazama mkeka, hasa waliowahi kudhuriwa.

Kisha muulize: "Mara ya mwisho ulipopumua bila kujikaza, ulikuwa wapi?" Nyamaza. Kimya hicho kitakuwasha ulimi, vumilia. Mama yule alikaa, halafu akasema jikoni kwa bibi yake, Pangani.

Wengi wetu hapo hukimbilia "unaona nini?" Mimi naanzia mkononi na puani. "Mkono umeshika nini?" Akasema kifuu, bibi yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, yeye anapokea vifuu. "Harufu?" Hiliki na moshi wa makumbi. Mabega yakashuka, nikayaona yakishuka.

Sikiliza na vitenzi. Akisema "kulikuwa na moshi", bado yuko mlangoni anasimulia. Wewe uliza "moshi unakwenda wapi?" na mara nyingi atakujibu kwa wakati uliopo. Ila usimwongezee kitu. Ukisema "na mwembe uko nje", umeshapanda mti kwenye uwanja wa watu.

Wapo wasioona picha yoyote kichwani, na si wabishi. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake, Uingereza, waliipa hali hiyo jina la afantasia. Hao wafanyie kazi kwa sauti, mguso na harufu.

Kurudi chumbani ndiko kunakopuuzwa. Acha dakika kumi nzima. Miguu sakafuni, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, anywe maji, mzungumzie mambo ya kawaida: unapanda bajaji au unatembea? Asiyeweza kukujibu hilo sawasawa, asitoke.

Ukishazoea, unaweza kugusa ndoto za kutisha. Njia ninayoitumia ilichunguzwa Marekani na Barry Krakow na wenzake, na matokeo kwa wanawake waliobakwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa kingono yakachapishwa 2001. Mnafanya mchana. Mteja anachagua ndoto, tena msianze na iliyo mbaya kuliko zote, anaibadilisha apendavyo, kisha anaipitia ile mpya tu, dakika kumi hadi ishirini kila siku. Ya zamani hairudiwi.

Ndoto ya mama yule: kaka anaita kutoka kwenye ngalawa, yeye hafiki. Nilitaka sana kumpendekezea amwokoe. Nikauma ulimi. Akafikiri, akasema, "Maji yakupwe. Yakupwe kama ya bamvua, mpaka mchanga wote uwe wazi, nimwendee kwa miguu na vitumbua vyake." Kitu kama hicho nisingekibuni hata ningekaa mwaka. Akawa anaipitia alfajiri, akisubiri unga uumuke.

Kuna watu usiwafanyie haya. Anayesikia sauti wengine wasizozisikia, au anayepotelewa na fahamu za mahali alipo katikati ya mazungumzo, mpeleke hospitali kwa wataalamu wa afya ya akili. Anayewaza kujiua, usalama wake kwanza. Jiko la bibi litangoja. Na kumrudisha mtu ndani ya tukio lenyewe la ukatili ni kazi ya aliyefundishwa na mwenye msimamizi. Mimi mwenyewe nilikaa miaka kabla ya kuthubutu.

Wiki ya tatu mama yule alikuja na kifuko cha vitumbua vya moto. Ndoto imerudi, akasema, lakini maji yalikuwa magotini.

"Ukafanyaje?"

"Nikakunja kanga, nikaendelea."