Kubadilisha madigadi zilizovunjika kwenye baiskeli ya safari ndefu

Kabla hujafungua nati yoyote, tafuta ufa ulipoanzia. Mara nyingi utaukuta kwenye kishikio cha juu, pale madigadi inapofungwa kwenye fremu au chini ya shingo ya uma. Hapo mkosaji si ubovu wa madigadi. Ilifungwa ikiwa imevutwa kwa nguvu, kisha mtikisiko wa barabara ukamalizia kazi. Ukifunga mpya kwa namna ileile, itakatika palepale.

1. Pima. Madigadi iwe pana kuliko tairi kwa milimita 8 hadi 10, au zaidi. Usiamini namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi; jaza upepo upime mwenyewe, maana rimu pana hunenepesha tairi. Mkunjo nao ulingane na gurudumu: madigadi ya inchi 26 haikai vizuri kwenye gurudumu la 700C, ambalo ni kubwa zaidi. Alumini hudumu, lakini kwa safari mimi huchagua plastiki. Ikipasuka njiani, toboa matundu mawili kando ya ufa, uufunge kwa vifungo vya plastiki (zip ties), navyo vitakufikisha.

2. Ondoa za zamani. Boliti zilizoshika kutu zitie mafuta, uziache kwanza. Nyingi ni za M5, yaani zenye unene wa milimita 5: spana ya L ya milimita 4 na spana namba 8 zinatosha. Boliti nzima weka akiba.

3. Anza na ya nyuma. Gurudumu liwe mahali pake, tairi limejaa. Pachika kila boliti, lakini usikaze hata moja. Sasa angalia madigadi inataka kukaa wapi yenyewe. Ikibaki nafasi kati yake na daraja la fremu, yaani kipande kinachounganisha fito mbili za nyuma, usiivute ikafuate boliti: jaza nafasi hiyo kwa washa (pete bapa za boliti) au kipande cha bomba. Ikiwa kishikio kimekaa mshazari, kikunje kishikio, si madigadi. Acha milimita 10 hadi 15 juu ya tairi, pengo lilingane mzunguko mzima, ndipo ukaze, ukianzia kwenye fremu na kumalizia na stei, zile fito nyembamba za pembeni.

Keria na stei zikitumia tundu moja, keria ndiyo iguse fremu kwa sababu inabeba mzigo. Stei ikae nje, na boliti iwe ndefu zaidi. Upande wa cheni, weka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma na uhakikishe ncha ya boliti haiigusi. Wengi hulisahau hili, halafu wanailaumu gia.

4. Ya mbele. Utaratibu ni uleule, ila hatari ni kubwa zaidi. Kijiti kikinaswa kati ya tairi na madigadi, kinaweza kuikunja na kulifunga gurudumu ghafla, nawe ukapita juu ya hendeli. Kwa hiyo chagua stei zenye vibanio vinavyoachia vikivutwa, na uvijaribu kwa mkono. Kisha weka pedali mbele, ukate kona: kiatu kikigusa madigadi, ni bora ujue sasa kuliko ukiwa na mizigo.

5. Kata stei mwisho. Zungusha gurudumu usikilize. Kukiwa kimya, kata ncha zilizozidi, zipige tupa, zivishe vifuniko.

6. Zuia kulegea. Tumia nati zenye pete ya plastiki ndani, au gundi ya nyuzi ile ya nguvu ya kati. Gundi hiyo isiguse madigadi ya plastiki, kwani baadhi ya plastiki hupasuka zikiipata.

Madigadi ya mbele ikiishia juu sana, ongeza ulimi wa mpira chini yake. Ndio unaokinga cheni na viatu dhidi ya tope. Baada ya siku ya kwanza barabarani na mizigo, pitia boliti zote kwa spana tena.